Kinamama wa Dua na Mtandao wa Bwana Nassor

Haya jamani, leo nasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na Kidawa, maana akisimulia yeye huzidisha mpaka mie naonekana sina akili kabisa, na ukweli akili nilikuwa nayo siku ile, ila niliitumia pasipo pake, na aibu niliyoipata ilionekana mpaka India. Ndiyo, India. Wenzangu wakiaibika mtaani huhamia mtaa wa pili, sasa mie ningehamia wapi?

Mwanangu Sabra, huyu mkubwa, aliomba kwenda kusomea unesi huko India, masomo ya kulipiwa kila kitu, akapita mtihani wa kuandika, ikabaki intavyuu tu. Na intavyuu yenyewe si ya kupanda ndege, walimu wanakaa kwao, yeye anakaa kwetu hapa Mji Mkongwe, wanaonana kwenye kompyuta. Walimwambia wazi kwamba ni mara moja tu, asipoonekana nafasi anapewa mwingine. Baba yake keshatangulia mbele ya haki, na mie kwa hii mikate yangu ya kumimina nisingemfikisha hata nusu ya safari, basi mjue moyo wangu ulikuwaje.

Wakati ule intaneti majumbani hakuna. Ukiitaka unakwenda Darajani kwenye duka la kompyuta, unabanana na vijana wanacheza michezo ya kupigana risasi, huwezi hata kujisikia unavyosema. Lakini jirani yetu Bwana Nassor, mwenye nyumba ya wageni ng'ambo ya kichochoro, alikuwa keshaweka ule mtandao usio na waya kwa ajili ya wazungu wake, kamti kake ka kuurushia kamesimama juu ya dari, na mikate ya asubuhi ya wageni wake naipeleka mie. Nikamwendea. Akanambia, "Mama Sabra, mtoto wako si mtoto wangu? Chukua neno la siri, na usimpe mtu." Laptopu tukaazima kwa mjomba wake Sabra.

Sabra akaijaribu nyumba nzima, akizunguka na ile laptopu mikononi kama anafukiza udi, kisha akaja kunieleza.

"Mama, huu mtandao ufanye kama mwanga wa taa. Unatoka kwenye kile kijiti cha Bwana Nassor, unaenea hewani. Ukipata uwazi unapita, ukikuta ukuta kama wetu huu unakufa."

Na kuta zetu mnazijua, mawe na chokaa, nene hata ukimwita mtu chumba cha pili hakusikii. Basi ikawa unaingia kwa dirisha kubwa la ukumbini, unaukata ukumbi, unampata chumbani kwake kwa mlango ulio wazi. (Kukaa dirishani penyewe haiwezekani, chini yuko seremala, anagonga kutwa.) Akaweka meza chumbani, nyuma ya bega lake ukawa unaonekana mlango, akashusha pazia jepesi ili walimu wasituone tunavyopitapita.

"Mama," akasema, "mie nataka kimya tu."

"Kimya utakipata mwanangu."

Na nilikuwa na nia, wallahi. Sasa asubuhi ya siku yenyewe akaja Kidawa, shoga yangu wa ghorofa ya chini, anaazima mbuzi ya kukunia nazi, na mie roho inanidunda, nikamwambia, "Shoga, mchana njoo tumsomee Yasini mtoto, mie na weye tu, kimya kimya."

Kidawa akashika kiuno. "Wawili? Mtoto anakwenda kuulizwa na Wahindi watatu, unamwombea kwa watu wawili?"

Nikacheka. Hilo ndilo kosa langu, nilicheka badala ya kusema hapana.

Baada ya adhuhuri nasikia viatu ngazini. Wanapanda, wanapanda, hawaishi. Kidawa mbele na siniya ya visheti, nyuma yake kinamama wote wa dua wa mtaa wetu, na katikati yao Bi Asha, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, aliyenifundisha alifu mie na akamfundisha Sabra. Nimrudishe nani? "Shikamoo Bi Asha." "Marahaba mwanangu, Mungu atamfungulia." Nikatandika mikeka, nikaweka na ubani.

Sabra akachungulia. Macho yake sitayasahau.

"Mama! Nani hawa?"

"Wanaomba tu mwanangu, hata kuhema hawahemi."

Akataka kusema neno, kompyuta ikaita, akakimbilia kitini.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Tumekaa chini, tunasoma kwa midomo tu, na Sabra tunamsikia anajibu kwa Kiingereza chake kizuri, nikajisemea kumbe sikukosea. Sasa tulipomaliza Yasini, Kidawa akanyanyuka, ati anataka kuwaona hao walimu wana sura gani. Akenda akasimama penye pazia. Akafuata wa pili. Akafuata wa tatu. Mara ukumbi mzima umesimama, wanasukumana kama wanaangalia bibi harusi.

Nikamsikia Sabra, "Haloo? Mnanisikia? Haloo?"

Nikachungulia na mie. Mwalimu mmoja kwenye kioo kaganda mdomo wazi, kama anayetaka kupiga chafya akaisahau. Sabra jasho linamtoka.

Hapa sasa ndipo elimu yangu ilipopanda kichwani. Mie nasoma skuli ya jioni ya watu wazima, na nilikuwa nshafika somo la mwanga, mwalimu keshatueleza unavyokwenda mstari ulionyooka, usipinde, na mtoto kanambia mtandao ni kama mwanga, basi nikaona jibu liko wazi kabisa: pazia! Nikalishika pazia nikalikunja, nikalifunga fundo juu huko. Mtandao haukurudi. Nikasema basi unatoka mdogo. Nikenda dirishani, nikatoa kichwa na mabega yote nje, nikaita kwa sauti niliyojaaliwa.

"Bwana Nassor! Ee Bwana Nassor! Zidisha mtandao!"

Seremala akaacha kugonga. Wazungu wawili wakasimama kichochoroni wakaninyanyulia macho. Bwana Nassor akatokea dirishani kwake na miwani mkononi.

"Nizidishe vipi, Mama Sabra? Huu mtandao au bomba la maji?"

"Fungua mpaka mwisho! Mtoto anakatika!"

Wanaume waliokaa barzani chini wakadakia. Mmoja akapiga kelele, "Bwana Nassor, mtilie kwenye ndoo, tutampandishia!" Wakacheka mpaka mwingine akamwaga kahawa yake. Na mie bado nimeziba dirisha lile lile ambalo mtandao unaingilia, mwili wangu wote huu, nalalamika mtandao hauji. Hapo nilikuwa sijajua.

Ikaadhiniwa alasiri. Bi Asha akasema, "Tusali, ndio dawa." Kinamama tukajipanga ukumbini, tukavaa kanga zetu, akatusalisha. Na alasiri, mnajua, husaliwa kimya.

Nisikilizeni sasa, na Mungu anisamehe. Tumesimama, chumbani kimya, Sabra anasema haloo haloo. Tukarukuu, nikasikia sauti ya mwanamke inakwaruza. Tukasujudu, sauti ile ikaja safi kabisa, "Sasa tunakusikia, Sabra, endelea." Sabra akaanza kujibu. Tukainuka rakaa ya pili: haloo? haloo? Tukasujudu: "Naam, tumerudi." Tukakaa tahiyatu, wakazungumza maneno marefu. Tukasimama, kimya.

Nilijizuia. Wallahi nilijizuia. Lakini rakaa ya tatu nshajua, na ya nne sikumbuki nilisoma nini. Sisi ndio ukuta! Mistari miwili ya watu wazima, tena hatukukonda, imesimama baina ya dirisha na mtoto. Tukienda chini mtandao unapita juu ya migongo yetu, tukiinuka tunauzuia kwa vifua.

Tukatoa salamu. Bi Asha akaweka mkono chini kutaka kunyanyuka.

"Bi Asha, nakuomba usisimame! Asisimame mtu!"

"Una nini, mwanangu?"

"Mtandao unapita juu ya vichwa vyetu. Tukisimama tunamkata mtoto. Tutoke hivi hivi chini chini, twende jikoni."

Kidawa akanitazama. "Nitambae? Mie na magoti haya?"

"Tambaa, shoga, au lala hapo hapo."

Wakatambaa. Bi Asha mbele, haiba yake yote, anasogea kwa makalio anavuta tasbihi, kinamama nyuma wamejifunika kanga, na Kidawa mwisho anaisukuma siniya ya visheti kwa mkono mmoja maana kuiacha hakukubali. Nimo katikati ya ukumbi kwa magoti na mikono, ndipo nikageuza uso nikaona lile pazia. Fundo langu mwenyewe. Mlango uko wazi kabisa, na juu ya bega la mwanangu, kwenye kioo, walimu watatu wa India wametukodolea macho.

Nilitamani sakafu ipasuke.

Yule mwalimu mwanamke akauliza (Kiingereza changu kilifika, nilielewa), "Sabra, hao nyuma yako ni kina nani?"

Sabra akageuka, akatuona. Nikajua sasa mtoto atalia. Hakulia. Akawageukia akawajibu, "Ni mama yangu na majirani. Wamekuja kuniombea. Walikuwa wamesimama kwenye njia ya mtandao, sasa wameng'amua, wanatoka."

Wakacheka wale walimu mpaka mmoja akavua miwani. Kisha yule mwanamke akasema, "Basi nikuulize. Umekuwa nesi, wodi imejaa jamaa za mgonjwa namna hii, huwezi kukifikia kitanda. Utawafanyaje?"

Nikaacha kutambaa hapo hapo nilipo.

"Sitawafukuza," akasema. "Wamekuja kwa mapenzi. Nitawaomba wakae chini."

Jikoni niliingia natiririkwa na machozi, Kidawa akadhani nimeumia goti. Intavyuu ilipokwisha Sabra akaja akasimama mlangoni, akatutazama tulivyobanana sakafuni baina ya jiko na ndoo, akaniambia, "Mama, nilisema nataka kimya," kisha akacheka, akachukua kisheti. Na mie nikaondoka nikatandika mswala peke yangu nikairudia alasiri yangu, maana ile ya kwanza nilimsalia Mola nusu na mtandao nusu, na alipouliza Kidawa nasali nini tena, nikamwambia deni.

Sabra walimchukua. Yuko mwaka wa pili sasa. Barzani hapaishi vijembe, nikipita tu utasikia, "Mama Sabra, leo unatoka mwingi au mdogo?" na mie huwajibu unatosha alhamdulillahi, nikapita zangu. Lakini nshaapa, na nyinyi muwe mashahidi: mtoto wa mtu akiwa na jambo lake, mie namwombea kwangu, mlango nimeurudisha, simwiti mtu. Mola hana haja nimjazie ukumbi ndio anisikie.