Daftari la Wagonjwa wa Salfa

Mama yangu aliposhuka kutoka milimani akiwa na kichomi, mimi nilikuwa dresa, mwosha na mfunga vidonda, katika hospitali moja pale Morogoro. Tabibu wa wodi alimwandikia vidonge vya salfa. Siku ya nne macho yake yalikuwa mekundu, midomo imechubuka, na ngozi ya mgongoni inatoka kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto.

"Bwana tabibu," nilimwambia, "nadhani ni dawa."

Hakuinua hata uso. "Ni surua ya huko kwenu mlimani. Wewe osha vidonda, dawa niachie mimi."

Akaendelea kumpa. Kichomi kilipona, lakini mama alirudi nyumbani akiongozwa kwa mkono, macho yote mawili yamezibwa na ukungu mweupe. Hakuliona tena shamba lake la kabichi.

Nikatafuta daftari. Kila aliyepewa salfa nilimwandika: siku aliyoanza, hali ya macho, mdomo na ngozi. Sikufanya hivyo kwa ajili ya wagonjwa, sitadanganya. Nilimwinda yule tabibu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kwa adabu, huku moyoni namwombea aanguke.

Wengi walipona bila shida, nao niliwaandika. Wawili walichubuka kama mama. Wa tatu, mwanamke mkulima wa mboga, alianza kulalamika kwamba macho yanamwasha. Nilijua ni nini. Nilijua pia kwamba kesho yake daktari mkuu wa jimbo angekuja kukagua wodi. Dawa ikisimama leo, macho yatatulia, nami nitakosa cha kuonyesha. Nikampa vidonge vya jioni, nikasimama pale mpaka akameza.

Asubuhi uso wake ulikuwa umevimba. Daktari alipofika kitandani, nikamkabidhi daftari mbele ya watu wote. Alilisoma, kisha akamgeukia tabibu.

"Uliambiwa kwamba ni dawa?"

"Huyu ni dresa tu, Bwana Mkubwa."

"Nimeuliza kama uliambiwa."

Tabibu akaanza kufunga vifungo vya koti lake.

Salfa ilisimamishwa pale pale, na mwanamke yule akapona, macho mazima. Tabibu alihamishiwa zahanati ya Kisaki, mbali huko porini. Siku ya safari nilikwenda makusudi kumtazama akipandisha sanduku lake kwenye lori. Nilifurahi, na sikuficha.

Nikapanda mlimani kumsimulia mama yote, hata vile vidonge vya jioni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo mwanamke," akauliza, "alijua kwamba unajua?"

"Hakujua, mama."

Akaendelea kuchambua maharage kwa kupapasa.