Kadi ya Rambirambi ya Trevor

Pale Barnsley, Uingereza, jarida la sanaa ya karatasi lilipodondoka mlangoni, Glenys aliacha hata chai ipoe. Alilipia mwaka mzima, na zawadi ya karatasi inayokuja nalo kila mwezi hailazi hata usiku mmoja: karatasi zikifika asubuhi, jioni ni kadi. Mwezi huu zilikuja zenye maua meupe, yale ya mazishini. Akatengeneza kadi ya rambirambi, nzuri ajabu.

Mumewe, Clifford, akaifungua. "We Glenys! ‘Enid, pole kwa kufiwa na mumeo Trevor’? Jirani wa watu yuko hospitali, jana kala pudini!"

"Kwani mie nimemuua? Gundi inataka muda ikauke."

Wiki iliyofuata Trevor akarudi kwa miguu yake, anapiga mluzi. Glenys akaitia kadi sandukuni, pamoja na za Krismasi alizomaliza tangu Julai. Baadaye akamkuta Clifford analipekua sanduku lile.

"Unatafuta nini?"

"Yangu."

"Haimo. Wewe ukifa, bwana, kadi nitaletewa mimi," Glenys akasema, akishika mkasi wake. "Na zote zitakuwa za dukani."