Kikaango cha Nyama na Mchicha

Leo nimetia mchicha juu ya nyama iliyokaangwa kwa kitunguu thomu, na mvuke uliponipiga usoni nikajiona niko jikoni kwetu, kwenye uchochoro wa nyuma ya barabara ya Ndia Kuu.

Jioni moja, nilipokuwa mtoto, mamangu mdogo, aliyeolewa bara bila radhi ya bibi, alishuka basi Mwembe Tayari akaja na mtoto mgongoni. Alitoa salamu mlangoni. Bibi akamgeukia mama.

"Huyo hali chakula cha nyumba hii," alisema.

Mama alifunika kikaango.

"Nimempikia ndugu yangu, mama. Asipokula yeye, na mimi sili."

Nilishika kanga ya mama.

Mama akapakua kwenye sinia la wali, tukakaa mkekani sote. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mafuta yakaanza kuganda.

Ndipo yule mtoto akatambaa hadi kwa bibi, akamshika goti, akapanua kinywa. Bibi alimtazama sana. Kisha akachukua kipande cha nyama, akakitafuna mpaka kikalainika, akamlisha.