Lebo za Mishumaa ya Mama

Kuongea mbele ya watu kunanishinda. Kuchora hakunishindi, na hilo naliandika bila haya. Ndiyo maana Mama aliporudi kutoka Umoja na mishumaa yake yote bado imo kikapuni, nilijua kazi ni yangu.

Mama huyeyusha nta jikoni kwetu Majengo, akaitia manukato ya udi, kisha akaimimina kwenye bilauri ndogo. Majirani hununua papo hapo, hawaulizi kitu. Lakini mwenye duka la zawadi kule Umoja alimwambia mshumaa usio na lebo hawezi kuuweka kwenye rafu yake. Mteja atajuaje una harufu gani? Akampa mpaka Jumamosi. Mama alilitaka duka hilo kuliko alivyoonyesha. Jioni ile nilimkuta ameipanga mishumaa mezani, amerudi nyuma hatua chache, anaitazama kama mteja.

Binamu yangu, tunayeishi naye, alisema hakuna haja ya kuumiza kichwa. Kuna programu ya simu ambayo mtaa mzima unaitumia: mabango ya harusi, ya mechi, ya matanga, yote hutoka humo. Unachagua mfano ulio tayari, unabadilisha maneno, umemaliza. Nikamsikiliza. Nikatafuta mfano wenye picha ya mshumaa, nikapata mmoja mzuri ajabu, una maua meupe pembeni na maandishi ya dhahabu. Nikaandika jina la Mama katikati, nikampelekea simu.

Mama aliweka mkono kifuani. "Innalillahi. Nani tena?"

Kisha akasoma jina.

Nilipotazama upya nikaona alichokiona. Mshumaa, maua meupe, dhahabu: kila tangazo la kifo linalozunguka kwenye simu za mtaani kwetu lina sura hiyo hiyo. Nilikuwa nimemtengenezea mama yangu tanzia. Binamu alicheka mpaka akakaa chini, akauliza mazishi ni baada ya adhuhuri au alasiri.

Kesho yake baada ya shule nikaenda saiba, kule wanakokodisha kompyuta na kuchapisha. Kijana wa pale akanisalimia niaje, nikaitikia kwa kichwa, nikaketi kwenye kompyuta ya pembeni yenye programu ya kuchorea tuliyofundishwa shuleni. Binamu huiita ya wazee. Haina mfano wowote. Ukiifungua unapewa ukurasa mweupe na rula ya milimita, basi. Hicho ndicho nilichokitaka. Bilauri za Mama ni nyembamba chini na pana juu, na lebo iliyonyooka ukiizungusha hapo hupanda upande mmoja. Simu ilinipa miraba tu. Huku niliweza kuipinda lebo iwe upinde, kwa kipimo nilichokichukua kwa uzi.

Sikuchora mshumaa. Mshumaa si uko pale pale, unauona? Nilichora chetezo chetu cha kufukizia udi, kile cha udongo chenye ukingo uliomeguka, na moshi mmoja unapanda. Wino mweusi peke yake. Lebo ya kwanza ilizidi kidogo pale ncha zinapokutana. Nikaipunguza, na ya pili ikakaa kama imezaliwa na bilauri.

Jumamosi nilimsindikiza Mama Umoja. Mwenye duka aliigeuza bilauri mkononi, na kabla hajaifikisha puani akasema, "Udi." Halafu akamuuliza Mama nani aliyemchorea.

Siku zote Mama hunijibia. Safari hii aliinamia kikapu chake kana kwamba amepoteza kitu humo.

"Ni mimi," nikasema. "Na ule wa asmini utakuwa na lebo yake."

Wa asmini hatujawahi kuutengeneza. Mama aliinua kichwa akanitazama, lakini mwenye duka tayari alikuwa anasogeza vikombe kwenye rafu ya karibu na mlango, apate nafasi.