Waajiri Wawili Kando ya Kitanda Kimoja

Saa moja asubuhi, gereji za Kisenyi, jijini Kampala, ndiyo kwanza zinafunguliwa, lakini katika bekari ya Haji Jafar mikate ya mwanzo imeshatoka tanurini. Loice Nakhisa anaipanga kwenye trei kwa mkono wa kushoto. Wa kulia unasaidia tu. Vidole vyake viwili havikunjiki tena.

"Namshukuru Mungu vipo," anasema akivitazama. "Vingebaki ndani ya mashine."

Loice, mzaliwa wa Bungoma nchini Kenya, alihamia Kampala pamoja na mumewe, Khaemba, aliyekuwa fundi wa ujenzi. Mwaka juzi Khaemba alianguka kazini akaumia mgongo. Mzigo wa nyumba yenye mabinti wawili ukamwelemea mkewe, ambaye wakati huo alikuwa akipiga pasi kwenye duka la dobi huko Bukoto.

Mshahara ule haukufua dafu. Loice akatafuta kazi ya pili, ya kukanda unga Kisenyi kuanzia alasiri, bila kuwaambia waajiri wake. Wote wawili walikuwa na sharti moja: mfanyakazi asishike kazi kwingine.

"Bukoto nilisema jioni namhudumia mgonjwa. Kisenyi nilisema namhudumia asubuhi. Mgonjwa mwenyewe alikuwa anajichemshia chai," anasema, akicheka kidogo.

Mwili haukudanganyika. Alianza kuunguza mashati ya wateja, akawa anasinzia amesimama. Alasiri moja usingizi ulimpitia mbele ya mashine ya kukandia unga, mkono ukaingia. Mwenzake, Sadik, alitupa chini gunia alilobeba akaruka kuzima umeme.

"Sikusikia maumivu kwanza. Nilimsikia Sadik akimwita Mungu."

Siku iliyofuata, Haji Jafar alikuwa ameketi kando ya kitanda cha Loice hospitalini wakati Mama Concy, mwenye duka la dobi, alipoingia na chupa ya uji. Khaemba alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba mkewe kaumia. Hakusema kaumia akiwa wapi.

"Haji, wewe nani yake?" aliuliza Mama Concy, akiitazama tasbihi mkononi mwa mgeni huyo.

"Mimi bosi yake."

"Bosi? Bosi yake si ndiyo mimi!"

Loice alifumba macho akajifanya amelala. Mwisho akaona hana pa kujificha.

"Nyote mnasema kweli," akawaambia. "Mwongo ni mimi."

Mama Concy aliiweka chupa mezani, akatoka bila kuaga. Haji aliendelea kuhesabu tasbihi yake. Loice akalia, akijua kazi zote mbili zimeota mbawa, na mkono wenyewe ndio huo umefungwa bandeji.

Kesho yake Mama Concy alirudi.

"Mimi nilikasirika sana," alimwambia. "Wewe ulinificha. Lakini macho yako nilikuwa naona, nyekundu kila siku, na mimi sikuuliza."

Kazi ya pasi hakumrudishia, maana mkono usingeiweza, ila alimlipa mshahara wa mwezi mzima. Haji naye aligharamia matibabu, kisha akampa kazi ya trei na mauzo, kwa sharti lake.

"Aliniambia, 'Hapa kwangu utafanya kazi moja. Ile ingine ni kulala.'"

Khaemba amepata nafuu. Siku hizi hushona viatu barazani kwao. Loice hasahau kwamba wapo walioumia kama yeye wakafukuzwa kabla kidonda hakijakauka.

"Wangenifukuza kote kuwili, nisingekuwa na la kusema," anasema. "Mimi nilifichiwa aibu yangu na watu niliowaficha ukweli."

Sasa anataka kufungua kibanda cha mikate na mandazi Kyambogo, karibu na chuo, ambako wanafunzi hutafuta cha kufungulia kinywa mapema. Baada ya mumewe, mtu wa kwanza kuelezwa mpango huo alikuwa Haji Jafar.

"Sikutaka ausikie kwingine. Alianza kuhesabu tasbihi, nikaogopa," anasema Loice. "Kisha akaniuliza hicho kibanda kitahitaji unga kiasi gani."