Gari Lililovuta Kulia

Nakumbuka asubuhi moja ya Likoni, mwanangu, asubuhi ya ukungu mwembamba, minazi imesimama kimya. Sijui kama ulikuwa ukungu kweli au ni miaka tu iliyonitanda machoni, maana mambo ya kale hunijia yakielea. Bendera ya Mngereza ilikuwa haijateremshwa bado, nami nilikuwa bibi arusi wa juzijuzi, hina haijafifia miguuni. Usinicheke, nilikuwa mzuri.

Mume wangu, Athumani, alikuwa na gari kuukuu la kubebea abiria mpaka kivukoni. Gari lile, wallahi, lilikuwa na maringo. Ukikanyaga breki, linavuta kulia. Mdogo wake, Kassim, ndiye aliyekuwa fundi wetu. Hufungua gurudumu la kulia, akalegeza breki, gari likaenda sawa siku chache, kisha likarudia yale yale. Gurudumu la kushoto hakuna aliyeligusa. Lilikuwa kimya, na kwetu mkimya husifiwa adabu.

Asubuhi hiyo tulikuwa tukishuka mteremko wa feri, mimi nimekaa nyuma na mavyaa, mama yake mume wangu. Athumani akakanyaga breki, gari likapinda kulia kuelekea majini, likaparaza ukuta ndipo likasimama. Nayaona maji yale hadi leo, yakimeta taratibu, mazuri kabisa, nami najua tunakwenda kuzama.

Hatukuumia. Aliyeumia ni Kassim, ambaye hata hakuwamo garini. Tuliporudi, mume wangu alimwambia mbele ya majirani kwamba ana kijicho, analiharibu gari kusudi, na atoke nyumbani. Kassim aliingia ndani. Alifunga nguo zake akenda kwa mjomba wao Mtopanga, na mavyaa akalia mpaka sauti ikamkauka.

Baba yao ujanani alikuwa hamali wa kusukuma mkokoteni bandarini. Mambo ya gari hakuyajua hata kidogo. Alimwacha mwanawe hasira zimshuke, jioni akamwita. Athumani akaitika labeka, akaketi.

"Watu wawili wanateremsha mkokoteni wenye mzigo," mzee akasema. "Mmoja yuko kulia, mmoja kushoto, wote wanauzuia. Ukipinda kulia, nani ameachia?"

Mume wangu alifikiri. "Wa kushoto, Baba."

"Basi wa kulia unamlaumia nini?"

Wakatia jeki upande wa kushoto. Gurudumu lilipotoka, ua mzima ukanukia mafuta ya nazi. Breki ilikuwa imerowa chapachapa, inateleza tu, haishiki. Kumbe gurudumu lile lilikuwa likilia upande ule anaokaa mavyaa, na kwetu mlango ukilia hupakwa mafuta. Kila likianza kulia, yeye huchota mafuta aliyoyapika mwenyewe akalimiminia kwa nyuma, kwa huruma zake, wala asimwambie mtu. Maskini, alidhani analitibu. Alijishika kichwa, akacheka, akalia tena.

Kesho yake Athumani alikwenda Mtopanga kumtaka nduguye radhi. Kassim alisamehe, akarudi, tukala naye sahani moja. Lakini gari lile hakuligusa tena mpaka likauzwa. Akiombwa, hutabasamu tu, akasema mikono imechoka. Mume wangu alikuwa akiyasikia hayo anageuza uso, nami niliyemjua nilijua analia.

Basi sikiza, mwanangu. Nyumba ikienda upande, usimrukie yule anayevuta. Huenda ndiye peke yake aliyebaki anashika. Mtazame aliyetulia; wazee wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Na kitu kikilia, kiulize kinalia nini kabla hujakinyamazisha, hata kama unakipenda, hasa ukikipenda. Hasira nayo ikikupanda, ingoje jioni. Gari hutengenezeka, likapata breki mpya. Neno ulilomwambia ndugu yako mbele ya watu, maji yamekwisha kumwagika.

Mwenyezi Mungu akujaalie subira ya kufungua pande zote mbili. Akuhifadhie ndugu zako, na mikono yao isichoke nawe. Amin.