Kwenda Ruiru Kumtazama Asiyekosa

Nilikwenda Ruiru kwa sababu ya mkono wangu. Katika timu ya mpira wa kikapu ya kiwanda chetu, mjini Thika, nilikuwa nimeharibu mechi mbili mfululizo kwa kukosa mitupo ya bure, ile ambayo unasimama peke yako na hakuna anayekuzuia. Otieno, nahodha wetu, hakunizungusha. "Juma, Jumamosi ukikosa tena, hiyo jezi namvisha Kamau," alisema. Timu ndiyo iliyokuwa raha yangu baada ya kelele za mashine. Maneno yale yalinikosesha usingizi.

Dawa niliijua. Mtaani Kamenu kulikuwa na ukumbi wa video wenye kanda ya kikapu cha Amerika, na kwa miaka tulimtazama humo mchezaji mmoja tuliyembatiza Mwewe. Mwewe akiruka, mpira unaingia. Akitupa kwa mbali, unaingia. Tuliamini kwa moyo wote kwamba hakosi. Ila kanda ile ilikuwa ya vipande vifupi vifupi, na mkono wake sikuwahi kuuona vizuri. Niliposikia kwamba Shangazi Amina wa Ruiru ametumiwa na binti yake kanda ya mechi nzima ya Mwewe, nilijua siri iko huko.

Jumapili asubuhi niliondoka kwangu, mtaa wa Landless, kwa baiskeli. Raba zangu za mtumba, ndefu hadi kifundoni, aina ile ile ya Mwewe, nilizining'iniza kwenye usukani zisichafuke. Kwenye mto Ndarugu niliteremka kwa raha, lakini mlima wa ng'ambo niliupanda nikisukuma baiskeli. Juja nilikunywa soda. Baadaye yakaanza mashamba ya kahawa, nami nikaanza kuimba.

Ruiru, Shangazi alinipokea kwa chai na mandazi.

"Umekuja kunisalimia mimi ama televisheni?" aliuliza.

"Nyote wawili, Shangazi."

Alicheka, akaweka kanda.

Mwanzoni tu Mwewe alirusha mpira, ukagonga chuma ukatoka. Nilidhani kanda ina kasoro. Akarusha tena, ukatoka tena. Kisha akasimama kwenye mstari wa mitupo ya bure, peke yake, na raba kama zangu miguuni, akakosa. Nilipigwa na butwaa. Nilimwomba Shangazi arudishe kanda nyuma. Akairudisha, na Mwewe akakosa vile vile.

"Kwani huyu si ndiye ulisema hakosi?" Shangazi aliuliza.

"Ndiye."

"Mbona anakosa hivi?"

"Sijui, Shangazi."

Chai yangu ilipoa mkononi. Kilichonishtua zaidi ni kwamba hakuna mwenzake aliyemkasirikia. Walimgonga kiganja, akanyoosha mikono kuomba mpira, wakampa, akarusha tena.

Alasiri nilishika njia ya kurudi nikiwa na hasira. Mtu fulani alikaa akakata makosa yote ya Mwewe kwenye ile kanda ya Kamenu, akatuachia vipande vitamu tu, na sisi tukajipima kwa hivyo. Nilifika Juja bila kukumbuka nilivyofika.

Thika nilimkuta Otieno uwanjani, anatia mpira upepo.

"Umepata dawa?"

"Mwewe anakosa."

"Wacha mchezo."

"Anakosa, Otieno. Hata ile ya bure."

Aliukalia ule mpira.

"Usiambie hao wengine," alisema.

Jumamosi nilikosa mtupo wa kwanza, na wa pili pia. Tukafungwa. Ruiru nilikuwa nimejifunza kwamba hata bingwa hukosa mbele za watu, kisha huomba mpira tena. Sikujua kama Otieno naye amejifunza. Nilivua jezi nikampa. Aliitazama kidogo, akanitupia.

"Jumatatu mazoezi ni saa kumi na moja," alisema. "Usichelewe."